Maneno ya Ciarunji Niliyoyaruka

Wawira,

Mambo ya blanketi, sufuria na dawa ya kifua mama yako ameshayamaliza, na kama amesahau moja atakupigia simu kabla hujafika Makutano. Huko sina la kuongeza. Ninyi wawili mmeenda Runyenjes kumuaga nyanya, nami nimebaki nyuma kwa kisingizio cha goti. Goti haliumi. Nilitaka nyumba iwe tupu nikuandikie, kwa sababu najijua: tungekaa ana kwa ana ningeanza na utani, wewe ungecheka, na kesho asubuhi ungeondoka kwenda Nairobi kusomea uwakili bila kuambiwa lolote la maana. Sasa ni saa nane mchana na nina karatasi kumi. Nitaandika mpaka nimalize au mrudi.

Barua hii ni kuhusu Jumamosi iliyopita.

Hujaniuliza kuhusu Jumamosi. Tulipokuwa tukirudi uliniuliza tu, "Baba, ulichoka?" Nikasema ndiyo, na mazungumzo yakaishia hapo. Tangu hapo umekuwa mwema kwangu kupita kawaida. Jumatatu ulinipigia pasi shati ambalo sikukuomba, Jumanne ukapiga pasi hata vitambaa vya viti. Nakujua, mtoto wangu. Ukikasirika unapiga kelele, ukihuzunika unapiga pasi.

Acha nianze mbali kidogo. Unajua nilikuwa karani wa korti miaka ishirini na saba, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kutafsiri. Hakimu anasema kwa Kiingereza, nami nageuza kwa Kiswahili. Mtu akishindwa na Kiswahili nageuza tena kwa Kiembu au Kimbeere, kisha napeleka majibu yake juu kwa hakimu. Lakini hujui jinsi nilivyoipenda kazi ile. Nilikuwa na sauti. Wenzangu waliniita Redio, na niliposimama, watu waliokuwa wakinong'onezana kwenye mabenchi ya nyuma walinyamaza. Zaidi ya sauti nilijivunia kasi. Pale ambapo mkalimani mwingine alihitaji dakika tano kumsomea mtu shtaka lake, mimi nilihitaji mbili. Faili zikiwa arobaini mezani na watu wanaanza kufikiria chakula cha mchana, hakimu alikuwa akiuliza, "Njeru yuko wapi?" Sikuwahi kusikia sifa tamu kuliko swali hilo. Na nyumbani nilikuwa nikija na ukarani wangu wote. Ulipokuwa darasa la pili ulilia kwa sababu nilikukataza kusema "kitu ingine", na mama yako akaniambia hii ni nyumba, si korti.

Ulipoanza kusomea sheria hapa mjini nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Lakini ulipoanza kwenda na wenzako kila Ijumaa huko Mbeere kusaidia watu bure, nilikucheka. Nayakumbuka maneno yangu vizuri: "Mawakili wa bure, chai ya bure." Nikakuuliza mtamsaidia nani ikiwa hata kusimama mbele ya hakimu hamruhusiwi. Ulinijibu kwa upole. Ulisema mnasikiliza watu, mnawaandikia barua, mnawasomea karatasi walizozificha kwenye masanduku miaka mingi bila kujua zinasema nini, na yale yanayowazidi mnayapeleka kwa wakili anayewasimamia. Nikasema kuandika barua hata mimi naweza. Kuna Ijumaa moja ulirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, na mbele ya wageni nikakuuliza leo umeshinda kesi ngapi. Wageni wakacheka. Wewe ukaenda kuoga. Naona aibu nikiandika haya, na ninakuomba unisamehe.

Basi Jumamosi nilivaa suti. Nilikuja kwa fahari, sitakuficha, maana jina lako lilikuwa la tatu kwenye ratiba na nilikuwa nimemwonyesha ratiba hiyo kila jirani aliyepita kando ya uzio wetu. Ukumbi wa shule ulijaa. Wanafunzi kumi na mmoja mlikaa mbele mmevaa nyeusi na nyeupe, na kila aliyesimama aliwasifu: kwamba hamkulipwa, kwamba hamkuongezewa alama darasani, kwamba mlitembea kwa miguu hadi mahali ambapo hata chifu haendi wakati wa jua. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kana kwamba nilikuwa pamoja nanyi. Ulipopewa cheti nilipiga makofi mpaka mama yako akanivuta koti.

Kisha mshereheshaji akasema kuna mmoja wa wale mliowasaidia, ametoka Kiambere, anataka kutoa shukrani. Akasimama mama mrefu mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akasema jina lake ni Ciarunji. Nilimjua kabla hajamaliza kulitaja. Nilikuwa sijamwona zaidi ya miaka ishirini, na nilianza kutazama mlango kama mwizi.

Akaanza kusema kwa Kimbeere. Mshereheshaji hakuwa mtu wa huku, akageuka huku na huku na kuuliza, "Kuna mtu anaweza kutusaidia ku-translate?" Na yule mwalimu wako mwenye miwani akanyoosha mkono upande wangu, uso wote furaha. "Si Mzee Njeru yuko hapa? Huyu alikuwa interpreter wa court miaka mingi sana! Mzee, kuja utusaidie." Watu wakapiga makofi. Ningekataa vipi? Nikaenda mbele nikasimama kando ya Ciarunji, bega kwa bega, nikapewa kipaza sauti.

Alisema anamshukuru Mungu na ninyi wanafunzi. Nikatafsiri. Alisema alikaa na karatasi ya korti ndani ya mkoba miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kumsomea hadi mwisho. Nikatafsiri. Kisha akasema, polepole, macho yake mbele: "Nilisimama kortini nikaitikia ili wajue ninasikia, wao wakaandika kwamba nimekubali. Huyu msichana ndiye mtu wa kwanza kuniuliza nikisema ii huwa nina maana gani."

Nami nikasema kwenye kipaza sauti, kwa ile sauti yangu ya Redio, "Anasema anamshukuru sana Wawira, na Mungu ambariki."

Ukumbi ukapiga makofi. Wewe hukupiga. Ulikuwa umenitazama tu. Miaka miwili ya Ijumaa imekufunza Kimbeere cha kutosha. Ulisikia alichosema na ulisikia nilichokisema mimi.

Sasa nikueleze ya zamani, kwa mpangilio, ingawa najua mengi umeyasoma kwenye faili.

Ulikuwa umeanza kutembea. Ningependa kukuambia kwamba siku hiyo ulikuwa mgonjwa, au kwamba sikuwa nimelala, lakini ilikuwa siku ya kawaida na nilikuwa nimekunywa chai vizuri. Ciarunji aliletwa kortini kwa kesi ya miti. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, alimshtaki kwamba amekata miti sita ya mukau katika shamba lisilo lake. Unajua mukau ni kitu gani kwa watu wa huko. Mtu hupanda mukau akitarajia mbao za nyumba ya mtoto wake. Alisimama kizimbani akiwa amejifunga leso, mikono ameishika nyuma, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia korti yoyote.

Shtaka lilikuwa kwa Kiingereza. Nikaanza kumgeuzia kwa Kimbeere, kipande kwa kipande, kwa haraka yangu. Kwamba wewe Ciarunji. "Ii." Siku fulani. "Ii." Huko Kiambere. "Ii." Ulikata miti sita ya mukau. "Ii." Mali ya fulani. "Ii."

Unaijua ii yetu. Nyanya yako akisimuliwa jambo huitikia ii kila baada ya maneno matatu, na hana maana kwamba anakubaliana nawe. Anakuambia endelea, niko hapa, sijalala. Ukimsimulia kwamba jirani amemtukana ataitikia ii vilevile. Ni mtu mwenye adabu anayefanya hivyo, hasa mbele ya wakubwa, kwa sababu kumwacha mkubwa aseme peke yake bila kumwitikia ni dharau. Lakini ii hiyohiyo ndiyo tunayosema tukikubali. Aliyezaliwa huku hazichanganyi. Mimi nimezaliwa huku.

Hakimu akauliza, "Anasema nini?"

Nikasema, "Ni kweli, mheshimiwa."

Ikaandikwa hivyo. Kortini kuna majibu mawili tu, ni kweli au si kweli, na ii yake niliitia katika la kwanza. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya kesi, mama wa watu akaitikia tena kwa adabu, nami nikasema tena ni kweli. Akapewa miezi minne. Alipokuwa akishushwa kizimbani aliangalia nyuma kuniangalia mimi, si hakimu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesema naye kwa lugha yake.

Nimesoma tena mistari hii hapo juu, na naona nimeandika kana kwamba nilikosea tu. Nilipumzika, nikachemsha chai, nikarudi. Ukweli wote si huo, na kama nitaishia hapo nitakuwa nimeruka tena.

Ukweli ni kwamba kabla hajashuka alisema jambo. Nilipomwambia amepewa miezi minne alishtuka, akasema, "Lakini miti hiyo tulipanda na mume wangu." Alilisema wazi, kwa sauti ya kawaida, na nilikuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote. Nililisikia, Wawira. Nilielewa pia kwamba ii zake zote hazikuwa za kukubali. Hakimu alikuwa ameshafungua faili nyingine. Kumrudisha nyuma kungekuwa kukiri mbele ya korti nzima kwamba Redio amekosea, na kungechukua nusu saa. Hakimu akaniuliza kwa macho kama kuna jambo. Nikatikisa kichwa kwamba hakuna. Nikaita jina la anayefuata.

Hilo ndilo nililotaka ulijue kutoka kwangu mwenyewe. Kukosea kunaweza kumpata yeyote. Mimi nilitikisa kichwa.

Nilikuwa nikimkumbuka mara kwa mara, si kila siku. Ukinisikia nikisema sikulala miaka ishirini, usiniamini. Nililala vizuri sana. Nilijiambia miezi minne si maisha. Sikujua kwamba alipotoka alikuta shemeji amezungusha uzio upande wa chini wa shamba, na nguzo za uzio huo ni ile miti yake ya mukau. Sikujua kwamba kila alipolalamika kwa chifu au kwa wazee, shemeji alitoa nakala ya kesi na kusema alikubali mwenyewe kortini. Na sikujua kwamba wapimaji wa ardhi wamefika Kiambere mwaka huu, na kwamba wakimaliza bila maandishi yale kufutwa, shamba lile litaandikwa kwa jina la shemeji moja kwa moja. Haya yote niliyajua Alhamisi tu, kwa wakili anayewasimamia. Wewe umeyajua miezi mingi.

Ciarunji namkumbuka kwa sababu ya miti. Wengine siwakumbuki. Wiki hii nimejaribu kukumbuka ni ii ngapi nyingine nilizozigeuza kwa haraka kabla ya chakula cha mchana, na siwezi kujua, na nadhani hiyo ndiyo adhabu itakayobaki nami.

Sasa nikuambie kuhusu wewe. Niliposikia kwamba mtapewa vyeti, nilidhani ni kwa jambo kubwa ambalo hukutaka kunieleza, maana nilikuwa nimekucheka mno. Sikufikiria kwamba ulipewa kwa kuuliza swali. Ciarunji mwenyewe amenieleza. Amesema ulikaa naye kwenye benchi la kanisa tangu asubuhi mpaka wenzako wakaanza kukuita muondoke, na kwamba kwa muda mrefu hukuandika chochote, ulimsikiliza tu. Kisha ukamwuliza: mama, nikikusimulia jambo unaniitikia ii, hiyo ii ni ya kukubali au ya kunisikia? Alisema alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilikuwa na sauti na kasi, na sikuwahi kumwuliza mtu yeyote swali kama hilo. Ulilijulia wapi? Si kwangu. Ninajivunia wewe, na cheti hicho nitakitundika sebuleni mahali pa picha yangu ya kustaafu. Hata hivyo picha yenyewe ilipigwa vibaya.

Lakini kuna neno moja zito na ni lazima niliseme.

Alhamisi nilikwenda mjini kwa wakili anayewasimamia. Nilimwambia mimi ni Njeru, nilikuwa karani katika kesi ya Ciarunji, na nimekuja kuandika ninachokijua. Alishangaa sana. Akavuta faili. "Mzee, hii ndiyo kitu tumekuwa tukikosa," akaniambia. "Tulikuwa tunataka kuomba High Court waangalie upya hiyo plea, hilo jibu lake la kukubali, lakini bila interpreter ni neno la huyu mama dhidi ya record. Na msichana wetu aliniambia alimtafuta interpreter kila mahali, hakumpata."

Hakumpata. Wawira, ulinikosa wapi? Jikoni, ukinimiminia chai?

Usidhani nimekasirika. Nilikaa kwenye kile kiti cha wakili nikahisi kitu nisichokitarajia: kwamba nimependwa, na kwamba nimependwa vibaya. Uliona jina langu kwenye ukurasa wa kwanza wa ile kesi, pale wanapoandika karani ni nani na lugha ni zipi. Kina Njeru ni wengi hapa Embu, lakini wewe ulijua. Ukafunga mdomo. Uliendelea kwenda Kiambere Ijumaa baada ya Ijumaa kumtazama yule mama machoni, huku ukijua kwamba mtu anayehitajika yuko nyumbani kwenu anasikiliza habari za saa saba. Najua ulikuwa ukinilinda. Mimi pia nilikuwa nikijilinda siku ile nilipotikisa kichwa, na aliyeumia mara zote mbili ni mtu yuleyule.

Nilimwambia wakili, "Nimepatikana sasa." Nikamwambia pia kwamba mimi ni babako, kwa sababu angejua tu. Alifunga kalamu, akasema, "Sawa, Mzee." Zaidi ya hapo hakusema, wala mimi sikukutetea. Sikukutetea kwa makusudi. Mpigie simu wewe mwenyewe kabla hujaondoka, umwambie ulichofanya na kwa nini, kwa maneno yako. Anaweza kukugombeza. Ni afadhali akugombeze sasa, ungali unafunzwa, kuliko siku moja uwe wakili kamili na mtu akae mbele yako akiwa amekuamini, nawe umemficha jambo kwa sababu ya damu. Ukianza kwa ajili yangu, utaendelea kwa ajili ya rafiki, halafu kwa ajili ya raha yako mwenyewe kama mimi. Najua njia hiyo ilivyo laini, ndiyo maana nakuambia.

Kabla ya wakili nilikuwa nimekwenda Kiambere. Ilikuwa Jumatano, ile siku niliyowaambia naenda mkutano wa wastaafu. Huo ulikuwa uongo pia, nao uhesabu.

Nilimkuta Ciarunji uani akipepeta ndengu. Alinipa kiti, akanipa maji, akaendelea kupepeta. Nilimwambia wewe ni mwanangu, kisha nikasimulia yote kwa Kimbeere, tangu mwanzo: nilivyosoma shtaka, alivyoitikia, nilivyosema ni kweli, jambo alilolisema la miti, kichwa nilichotikisa. Na yeye, kwa adabu ileile, kila baada ya maneno machache: "Ii." Na tena, "Ii." Nilipofika mwisho na kuomba msamaha akaitikia tena, "Ii," na ungo ukasimama mikononi mwake.

Nikamwuliza kile ambacho wewe ulimwuliza. Nikasema, mama, hiyo ya mwisho ni ya kukubali au ya kunisikia?

Akahamia Kiswahili. Nadhani hakutaka nimtafsirie tena hata kichwani mwangu. Akasema, "Nimesikia. Kukubali ni kitu ingine."

Sikumsahihisha.

Kisha akasema, "Mimi nilikujua hiyo Jumamosi. Hata kabla niangalie uso. Ni sauti."

Nikamwuliza kwa nini hakunitaja mbele ya watu.

"Nilitaka nione kama utasema," akajibu. "Ile siku ya korti ulikuwa kijana, na ulikuwa na mkubwa wako hapo juu. Jumamosi ulikuwa na nani juu yako?"

Alimaliza kupepeta, akanifungia ndengu kidogo kwenye karatasi, akasema nimpelekee mama wa yule msichana. Ndizo mlizokula jana usiku. Mama yako alisifu jinsi zilivyoiva haraka, nami nikajipakulia tena kama mjinga.

Basi hati ya kiapo imeandikwa, imesainiwa, na imegongwa mhuri jana Ijumaa asubuhi. Ina kurasa mbili. Wakili alitaka kuandika kwamba "huenda mkalimani hakuelewa jibu la mshtakiwa". Nikamwomba afute huenda, aandike kwamba mkalimani alielewa na akanyamaza. Aliniuliza kama najua maana yake kwangu. Ninajua. Mimi ni mzee wa kanisa, na kesho Jumapili nitamweleza kasisi kabla hajasikia kwingine. Wale wa korti ninaokunywa nao chai watasema nimezeeka vibaya. Shemeji yake Ciarunji ana watu, nao watanitafutia maneno. Mama yako nitamwambia kesho ukishaondoka, na huyo ndiye ninayemwogopa kuliko hao wote. Naogopa, Wawira, sitajifanya shujaa. Lakini jana usiku nilikula vizuri.

Nawasikia mbwa wa jirani, nadhani mmefika kwenye kona. Nitakuwekea barua hii ndani ya kitabu chako kinene kile cha sheria ya ardhi, maana ndicho pekee ambacho hutamwachia mtu akibebe.

Tarehe ya kesi ikitoka, wakili atakuambia. Ukipewa ruhusa, uje. Ciarunji atakuwa peke yake. Mwanawe yuko mbali, na wale wa ukoo watakaofika watakuwa wamekuja na shemeji. Mimi nitakuwa kwenye benchi nikingoja kuitwa. Utakaponiona usije ukaketi nami, hata nikionekana mnyonge. Nisalimie kwa heshima kama unavyomsalimia mzee yeyote uliyemkuta kortini, kisha unipite, uende ukakae na Ciarunji.

Ni mimi ninayekupenda,
Babako